Risasi Kwenye Chungu cha Mabati

Hapo zamani za kale, yaani kabla ya uchaguzi huu wa juzi, palikuwa na nchi moja iliyopenda maua. Si maua ya bustani. Hayo yanataka maji, na suala la maji nchini humo lilikuwa bado liko kwenye mchakato. Maua yaliyopendwa ni yale yanayoonekana juu ya bati jipya, yale madoa yenye ncha yanayometameta juani kama magamba ya samaki. Mwananchi akienda dukani hakuuliza geji wala unene. Aliligeuza bati juani, akalikodolea macho, akisema "hili limechanua" alitoa pesa, akisema "hili halijachanua" alimwachia mwenye duka bati lake. Na kwa kuwa serikali ya nchi hiyo ilikuwa sikivu, iliunda Wizara ya Mapaa, Maua na Mapokezi.

Mapokezi yaliongezwa kwa sababu paa lisipopokewa na mkubwa linahesabika kuwa halijaezekwa. Kulikuwa na shule ambazo watoto walisomea nje wakinyeshewa, na paa lipo, limekamilika, lakini Mheshimiwa hajapata nafasi ya kuja kulipokea. Mimi simlaumu mtu. Nasimulia tu, na hata kusimulia kwenyewe kumeanza kunichosha.

Katika Kiwanda cha Taifa cha Mabati alifanya kazi Bi Mwanamkasi, ambaye wafanyakazi walimwita Bi Mkasi kwa kufupisha. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi Mkuu wa Kutu. Alikisomea ng'ambo, akarudi na shahada pamoja na koti zito la baridi ambalo hakulivaa tena. Tangu hapo kazi yake ikawa kutazama mabati yanavyooza na kuwaeleza sababu watu wasiotaka kuelezwa. Alikuwa amechoka. Ni uchovu ule usioondoka kwa kulala: aliamka nao asubuhi, akauogesha, akauvisha baibui, akaenda nao kazini.

Jambo lenyewe si gumu, na yeye alilieleza vizuri. Bati ni chuma kilichochovywa katika chungu kikubwa cha zinki iliyoyeyuka. Zinki inakaa juu ya chuma, na chumvi na unyevu vikija, inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kisalimike. Inajitoa mhanga. Waziri wa Mapaa, Mheshimiwa Kishindo, aliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza alitokwa na machozi, na tangu siku hiyo hakutoa hotuba bila kuitaja.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Ninyi ndio zinki ya taifa hili! Sisi viongozi wenu ni chuma tu. Mliwe ninyi, tudumu sisi, kwa faida yenu!"

Watu walipiga makofi, kisha wakarudi makwao kuendelea kuliwa.

Sasa, zinki ikiwa peke yake huliwa upesi, hasa pwani. Ukiitilia alumini kidogo, inaliwa polepole. Ukiongeza na madini ya magnesi, kiasi cha chumvi kwenye mchuzi, inafanya jambo zuri zaidi: pale bati lilipokatwa au kukwaruzwa, ule unga wa kuliwa kwake hugandamana ukawa kigaga juu ya kidonda, na chuma kikafunikwa. Bi Mkasi aliyajaribu mabati ya namna hiyo kwao Chumvini, mji ambao upepo wake wa bahari unaweza kumaliza sufuria iliyoachwa dirishani. Aliyatundika ufukweni pamoja na yale ya kawaida ya kiwanda. Ya kiwanda yakawa chujio. Yake yalibaki pale, ya kijivu, yamenuna, hayana tundu. Kasoro yao ilikuwa moja, na ilitosha kuyaua: hayakuchanua.

Maua ya bati huletwa na risasi. Nasema ile metali nzito na laini ambayo wavuvi huifunga kwenye nyavu ili zizame. Kiwandani inaitwa risasi, sokoni inaitwa risasi, na hapo ndipo msiba wetu ulipoanzia. Ukiitia risasi chunguni, bati linachanua hadi macho yanauma. Lakini hailindi kitu. Na ikikutana na alumini katika chungu kimoja, ndiyo balaa kabisa: bati linaoza kwa ndani, kwenye maungio ya chembe zake, huku usoni linacheka.

*

Mwaka huo hospitali ya wazazi ya Chumvini ilipangiwa paa jipya. La zamani lilikuwa limeoza kiasi kwamba mvua ikinyesha, maji mekundu ya kutu yaliwadondokea wazazi vitandani, ikabidi mkunga mmoja azalishe na mwingine ashike mwavuli. Msimu uliopita mtoto mchanga alilowa usiku kucha, akashikwa na baridi, akafa. Ripoti ilisema amefariki kutokana na hali ya hewa. Bi Mkasi aliisoma ripoti hiyo mara moja tu, akaiweka chini, akalia ofisini kwake mlango ukiwa wazi.

Alikuwa na sababu ya ziada ya kulia. Binti yake wa pekee, Mwatime, aliolewa hukohuko Chumvini, na alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Shikamoo mama," Mwatime alisema kwenye simu.

"Marahaba mwanangu. Vipi hali?"

"Mimi sijambo, na mjukuu wako hajambo, anarusha mateke tu. Mama, hilo paa linakuja lini? Jana kliniki nesi kaniambia siku nikija kujifungua nije na ndoo."

"Ndoo ya nini tena?"

"Ya kukingia. Kila mzazi anakuja na yake." Mwatime alishusha sauti. "Na mtatuletea lile la kijivu, au lile la kuchekacheka?"

Bi Mkasi aliinuka, akafunga mlango.

"Niletee la kijivu, mama. Silitaki la kupendeza."

"Nitajaribu, mwanangu," alisema, akachukia namna neno hilo lilivyomtoka kwa urahisi. Alikwisha kujaribu mambo mengi katika nchi ile, naye alijua kujaribu kunafika wapi. Lakini safari hii alijisikia hofu, hofu ya mama, nayo ilimsukuma kuliko shahada. Akampigia simu mkurugenzi wake, Bwana Mrashani, mtu mpole aliyeogopa hata saa yake ya mkononi.

"Mkurugenzi, kuhusu ile kazi ya Chumvini. Risasi imezidi."

"Imezidi kivipi, Bi Mkasi?"

"Imezidi, bwana. Hatuwezi kuwalinda watu kwa risasi. Inawapendeza wakubwa siku ya sherehe, halafu wananchi ndio wanaoumia. Mimi nasema ipunguzwe, na ikiwezekana iondolewe kabisa. Nchi za wenzetu wameshaiacha zamani."

"Wakubwa wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie risasi na ulinzi havikai chungu kimoja."

*

Simu za nchi hiyo zilisikilizwa zote, bila ubaguzi wa dini wala kabila. Idara ya Masikio iliajiri watu kwa kipimo kimoja, nacho ni kusikia. Kuelewa hakukuwa katika sifa za mwombaji. Aliyeisikia simu ya Bi Mkasi alivua vifaa vya masikioni, akanywa maji, akamwambia mkuu wake. Mkuu akamwambia mkuu wake. Kila ofisi iliyopitiwa ilitia chumvi yake, na habari ilipofika kwa Mheshimiwa Kishindo ilikuwa imeiva: mwanamke mmoja wa pwani ana jeshi, jeshi hilo linaitwa Chungu, na nchi za wenzetu ndizo zinazolifadhili.

Walimjia wanaume wanne wenye miwani myeusi, wakampeleka mbele ya Kamati ya Kudumu ya Maneno. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, kwa kuwa chungu kilichotajwa kilikuwa cha wizara yake.

"Ulisema risasi zimezidi?"

"Nilisema risasi imezidi, Mheshimiwa. Ni metali. Tunaitia kwenye zinki ili bati liwe na maua."

"Na za kwetu pia ni metali."

"Risasi ninayoisema mimi haihesabiki."

"Hata za kwetu hatuzihesabu," alisema Mheshimiwa, na wajumbe wakacheka kwa pamoja, wakaacha kwa pamoja.

Ili haki itendeke, aliitwa profesa wa lugha. Profesa alisafisha koo, akaeleza kwamba neno risasi, likiwa ni kitu cha kufyatuliwa, limo katika ngeli ya I-ZI, umoja risasi, wingi risasi. Mshitakiwa angesema "zimezidi", tungejua anazilaumu zote kwa jumla, na hilo ni kosa la kawaida. Lakini kanda inaonyesha wazi kwamba alisema "imezidi".

"Maana yake?" aliuliza Mheshimiwa.

"Maana yake, Mheshimiwa, anazungumzia risasi moja. Kuna moja mahususi ambayo, kwa maoni yake, haikupaswa kupigwa."

Hakuna aliyeuliza ni ipi. Mjumbe mmoja alitazama viatu vyake, mwingine alianza kufuta miwani isiyo na vumbi, na Mheshimiwa Kishindo alikuwa kijasho kinamtoka juu ya mdomo. Bi Mkasi aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba kila mtu mle ndani ana yake anayoikumbuka. Akawaonea huruma, kisha akaona huruma hiyo nayo ni kazi, akaiacha.

"Waheshimiwa, naombeni nionyeshe," alisema.

Akaletewa vipande viwili kutoka kiwandani. Cha kwanza kilikuwa na maua, kimekaa Chumvini misimu miwili. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili. Cha pili kilikuwa kijivu, kina alumini na magnesi. Mheshimiwa alikibonyeza. Akakikwaruza kwa ufunguo wa gari. Akakigonga kwenye meza.

"Hiki hakioti kutu?"

"Hukawia sana."

"Mtu akikikwaruza je? Kila siku, kidogokidogo, kwa kijiko tuseme?"

"Kinajifunga chenyewe pale kilipokwaruzwa."

"Hata akiwa na muda mrefu? Hata akiwa na miaka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Bi Mkasi, na moyo wake, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ukainuka. Alimwona Mwatime kitandani, pakavu.

Mheshimiwa Kishindo alisimama na kile kipande mkononi. "Ndugu wajumbe," alisema kwa sauti ya hotuba, "sayansi imesema, nasi ni nani tuipinge? Hili ni bati la jela!"

Wajumbe wakapiga meza.

"Mheshimiwa, hospitali..."

"Mama, wewe ni msomi. Mzazi anakaa hospitalini siku mbili, tatu, anakwenda zake. Mfungwa anakaa miaka. Sasa kati ya hao wawili, nani anayehitaji paa la kudumu?"

Bi Mkasi alikuwa amechoka kiasi kwamba, kwa kitambo kidogo, hoja hiyo ilimwingia akilini, na jambo hilo lilimtisha kuliko hukumu.

Hukumu ilikuwa hivi: jela ya Chumvini iezekwe kwa bati la kijivu, na nondo zake zichovywe katika chungu hichohicho. Hospitali ya wazazi, kwa heshima ya akina mama, ipate maua makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana. Mshitakiwa afungwe katika jela hiyohiyo miaka mitatu. Na kuanzia siku hiyo, mtu yeyote atakayesema risasi ipunguzwe, au zipunguzwe, umoja ama wingi, akamatwe papo hapo, aingizwe ndani bila dhamana.

*

Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua vipimo, Bi Mkasi alirudishwa kiwandani akiwa na pingu ili aisimamie kazi ya jela. Alifanya vizuri. Alikuwa na kasoro hiyo, hakujua kufanya kazi vibaya. Chungu kilisafishwa risasi yote kama alivyokuwa akiomba miaka nenda miaka rudi, alumini ikapimwa, magnesi ikapimwa, na mabati yakatoka yamenuna vizuri kabisa. Hata pingu zake zilivuliwa, zikachovywa, akavishwa tena zilipopoa.

"Bwana Mrashani," alisema alipokuwa akiondolewa, "kwa ajili ya Mungu, kabla ya kutengeneza ya hospitali, kimwageni chungu chote. Mkitia risasi juu ya alumini mtakuwa mmewaua watu."

Bwana Mrashani aliziba masikio. Neno lilikuwa limetajwa mbele yake, naye alikuwa na watoto. Chungu hakikumwagwa. Waliongeza risasi juu ya alumini iliyobaki, wakaongeza na nyingine kwa heshima ya Mheshimiwa, na maua yakatoka mapana kama sinia.

Jela na hospitali ya Chumvini zinatazamana. Barabara tu ndiyo iliyo katikati. Kwa hiyo Bi Mkasi, kutoka dirisha la selo ya wanawake, aliziona sherehe zote za kulipokea paa la hospitali. Tarumbeta zilipigwa. Mheshimiwa alivaa miwani ya jua, akalitazama paa, akasema kwamba hata malaika wakipita juu ya Chumvini watajiona usoni. Jela haikupokewa na mtu, ilianza tu kutumika.

Kisha masika ikaja, na kila alichokisema Bi Mkasi kikatokea. Maua yalipauka. Yakaingiwa na nyufa nyembamba, nyufa zikawa mistari, mistari ikawa matundu, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele maji mekundu yalikuwa yanadondoka vitandani kama zamani, ila safari hii kwa wingi zaidi. Ng'ambo ya barabara wafungwa walilala wakavu. Bi Mkasi alilala chini ya kazi ya mikono yake akisikiliza mvua inavyoteleza juu ya bati bila kupata pa kuingilia, na kila tone alilolisikia alijua limemwangukia mtu upande wa pili. Ilimuuma sana.

Asubuhi moja mwanamke mwenye tumbo kubwa alisimama kwenye lango la jela, kanga imemganda mwilini kwa mvua.

"Afande," alisema, "risasi ipunguzwe."

Bwana Jela alikuwa mzee mmoja aitwaye Chepe, aliyebakiza muda mfupi astaafu na hakutaka makuu. "Mama, nenda hospitali. Hospitali ile pale."

"Hospitali kunavuja. Nimesema risasi ipunguzwe. Nikamate."

"Mimi sijasikia."

"Basi zipunguzwe!" mwanamke alipiga kelele, na barabara nzima ikasikia.

Mzee Chepe akamkamata. Mtoto wake alizaliwa siku hiyohiyo, selo ya wanawake, pakavu, mikononi mwa mahabusu wenzake. Habari hazina miguu lakini hufika. Kesho yake walikuja watatu. Juma lililofuata walikuja na mabeseni, na vigoda, na uji kwenye chupa za chai, na nyuma yao wakafuata wakunga wa hospitali, waliolisema lile neno kwa pamoja kama watoto wa chekechea wanaoitikia darasani. Waume walijipanga dirisha la wageni. Redio ya taifa ikatangaza kwa masikitiko kwamba Chumvini inaongoza kwa uchochezi, hususan miongoni mwa wajawazito, na serikali inachunguza nani yuko nyuma yao.

*

Mwatime aliletwa adhuhuri moja mvua ikiwa imekaza. Mumewe alimwegemeza langoni, akakimbia kumfuata shangazi. Uchungu ulikuwa umemkamata barabara, na Mwatime, ambaye njia nzima alikuwa akilirudia lile neno, alipofungua mdomo hakutoa neno. Alitoa kilio.

"Sema, mwanangu," alisema Mzee Chepe, ambaye siku hizi alikuwa ameshazoea. "Sema upesi uingie."

"Ri..." Mwatime alishika nondo za lango, akajikunja.

"Ri, ndiyo. Endelea."

"Afande, mfungulie!" Bi Mkasi alipiga kelele kutoka ndani. "Huyo ni mwanangu! Mfungulie!"

"Kosa lake nini, Bi Mkasi? Siwezi kumwingiza mtu asiye na kosa. Hapa ni jela, si nyumbani kwangu."

"Atalisema akishajifungua!"

"Sheria haikopeshi, mama," alisema Mzee Chepe, naye alikuwa karibu kulia. Alimwinamia Mwatime. Maji yalikuwa yanamtiririka binti wa watu usoni, midomo imekuwa ya kijivu. "Mwanangu, jitahidi. Unataka kusema risasi ipunguzwe, sivyo? Tikisa kichwa tu. Risasi ipunguzwe?"

Askari wa zamu aliyesimama kando yake alikohoa.

"Mzee," alisema kwa adabu, "umesema."

Mzee Chepe alimtazama. Kisha akavua kofia, akamkabidhi, akamkabidhi na funguo. "Haya, fungua," alisema. Askari akafungua, na Mzee Chepe akaingia ndani ya jela yake akiwa mkosaji, amemshika mkono Mwatime, ambaye katika ule msukosuko hakuna aliyekumbuka kumzuia.

Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri. Alikuwa msichana, mwenye nywele nyingi na hasira nyingi. Bi Mkasi alimpokea kwa mikono yake, akamfuta kwa kanga, akamweka kifuani kwa mama yake, akatazama juu. Bati lilikuwa kimya na kavu. Alifurahi, jamani. Alifurahi hata akaona haya, kwa kuwa jambo zuri kama lile lilikuwa limepatikana mahali kama pale.

Alasiri yule askari alikuja kuhesabu wafungwa, kofia ya Mzee Chepe ikimpwaya kichwani. Alimwandika Mwatime kwa kosa la kuanza kusema. Alihesabu, akahesabu tena.

"Kuna mmoja amezidi. Huyu ameingiaje?"

"Kazaliwa humu," alisema mkunga mmoja.

"Kosa lake?"

"Hana kosa," alisema Mwatime.

"Asiye na kosa haruhusiwi kukaa humu. Ni amri." Askari alitazama dirishani, akaiona mvua, akatazama chini. "Itabidi atoke nje. Mimi sikuitunga hiyo amri, jamani."

Wanawake wote wakasimama. Mwatime alimkumbatia mtoto, mtoto akashtuka, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Bi Mkasi aliinuka polepole, magoti yakilia, akaenda akasimama kati ya askari na mwanawe.

"Umemsikia?" aliuliza.

"Nasikia analia."

"Halii. Amesema risasi ipunguzwe. Mimi nimemsikia vizuri."

"Hata sisi tumemsikia," alisema Mzee Chepe kutoka selo ya pili.

Askari alimtazama yule mtoto kwa muda. Kisha akafungua daftari lake, akailamba kalamu. "Ipunguzwe, au zipunguzwe?"

"Andika zote mbili."

Askari akaandika zote mbili, akaligeuza daftari. Bi Mkasi akalipokea, na mahali palipoandikwa shahidi wa mashitaka, bibi mzaa mama akatia sahihi yake.